Mtoto Ambaye Mwili Wake Haupokei Mafuta: Mwongozo kwa Wazazi wa Nyarusange

Burundi ina watoto wengi walio wafupi kuliko umri wao. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016-2017 uliwakuta watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa hiyo mtoto wa Nyarusange, iwe ile ya Gitega au ile ya Muyinga, akifikishwa kituo cha afya tumbo limevimba, miguu myembamba, na kuhara hakukomi, hakuna anayeshangaa. Atazungushiwa utepe mkononi, atapimwa malaria, atapewa dawa ya minyoo na kuandikishwa kwenye mpango wa lishe. Mara nyingi hiyo ndiyo njia sahihi, na mtoto hupona. Mwongozo huu unamhusu yule mmoja asiyepona, ambaye kadiri anavyolishwa vinono ndivyo anavyozidi kudhoofika.

Huenda amerithi ugonjwa unaoitwa abetalipoproteinemia. Uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1950 na madaktari wawili wa Marekani, Frank Bassen na Abraham Kornzweig, na ni nadra sana: hukadiriwa kumpata chini ya mtu mmoja katika watu milioni moja. Yapo magonjwa mengine machache ya kurithi yanayofanana nao, na chakula cha wenye magonjwa hayo ni karibu kile kile. Kwa kawaida mafuta tunayokula huingia kwenye ukuta wa utumbo, na humo hufungashwa pamoja na protini kuwa vifurushi vidogo sana, kailomikroni, vinavyoyapeleka hadi kwenye damu. Mtoto huyu amepata jeni yenye kasoro, MTTP, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, na bila jeni hiyo kufanya kazi vifurushi havifungwi. Mafuta hubaki palepale utumboni, kama mikungu ya ndizi iliyokosa baiskeli ya kuishusha sokoni. Vitamini zinazosafiri na mafuta, yaani A, E na K, na kwa kiasi kidogo zaidi D, hukwama pamoja nayo.

Wazazi wenyewe ni wazima, kwa sababu kila mmoja ana jeni moja nzuri ya kumtosha. Hakuna aliyeroga, na mama hakula kitu kibaya wakati wa mimba. Ninalisema hili mapema kwa kuwa lawama za nyumbani hupoteza miezi ambayo mtoto anaihitaji.

Dalili za kutilia maanani

Mtoto huzaliwa kama wengine. Katika miezi ya kwanza huanza kuhara: kinyesi kingi, cha rangi ya kupauka, chenye harufu kali, kinachong'aa mafuta na pengine kuelea. Hutapika, tumbo hujaa, na uzito hausogei. Akishakuwa mkubwa kidogo, hujifundisha mwenyewe kukwepa mafuta. Anasukuma sahani ya sombe (majani ya muhogo) iliyotiwa karanga na mawese, kisha anakula viazi vitamu vya kuchemsha kwa hamu. Usimwadhibu kwa kuchagua chakula. Mwangalie kwa wiki moja: je, tumbo hutulia siku za chakula kisicho na mafuta na kuchafuka siku za kukaanga? Jibu la swali hilo lina thamani kwa daktari, kwa hiyo liandike kwenye daftari lake la kliniki.

Kinyesi cha mafuta kina sababu nyingine zilizo za kawaida zaidi, kama vijidudu vya giardia au maradhi ya ini na kongosho. Hizo ndizo zitafutwe kwanza.

Mambo mawili ya kusimamisha mara moja

La kwanza ni kisu. Katika vilima vyetu mtoto mchanga anayetapika na kuhara hupelekwa mara nyingi kwa mtu wa kumkata kilimi, ikirimi kwa Kirundi, au wa kumng'oa vijino ambavyo havijatoka kwenye ufizi. Desturi hizi ni za hatari kwa mtoto yeyote. Kwa huyu zinaweza kuwa kifo, kwa sababu damu huhitaji vitamini K ili igande, na yeye hana ya kutosha. Bibi akisisitiza, usibishane naye kuhusu desturi. Mwambie kwa heshima: "Bibi, huyu damu yake haigandi vizuri, na daktari amekataza asiguswe na wembe." Tohara nayo, au kung'oa jino bovu, ingoje hadi damu ipimwe muda wake wa kuganda na daktari aridhike.

La pili linahitaji uangalifu, kwa sababu sitaki mzazi yeyote alielewe vibaya. Ile siagi ya karanga ya matibabu inayotolewa kwa watoto wenye utapiamlo mkali imeokoa maisha ya watoto wengi sana, na mtoto mwenye utapiamlo wa kawaida anaihitaji. Lakini kifuko kimoja cha gramu 92 hutoa kalori 500, na zaidi ya nusu yake hutoka kwenye mafuta, takriban gramu 30. Mtoto mdogo hupewa viwili au vitatu kwa siku. Kwa mtoto asiyeweza kufungasha mafuta, hiyo ni sumu ya tumbo. Maziwa ya matibabu ya F-100 nayo yana mafuta mengi. F-75 ina kiasi kidogo zaidi. Basi mtoto akizidi kuhara na kutapika kila anapopewa kifuko, usikifiche wala usikigawe kwa ndugu zake. Rudi kituoni, eleza ulichokiona, omba mtoto apelekwe kwa daktari. Kuacha lishe ya matibabu kimya kimya ni hatari kuliko kuuliza.

Na mama anayenyonyesha? Karibu nusu ya nishati ya maziwa ya mama hutoka kwenye mafuta, ndiyo maana dalili huanza mapema hivyo. Daktari anaweza kuamua kumpa mtoto maziwa maalumu yenye mafuta kidogo. Uamuzi huo ni wake. Mahali ambapo maji ya kuchanganyia maziwa ya kopo si salama, kumwachisha mtoto kunyonya kwa shauri lako mwenyewe kunaweza kumuua haraka kuliko ugonjwa huu.

Vipimo

Kipimo cha kwanza cha kuelekeza hakihitaji mashine kubwa. Maabara inayotafuta malaria kwa darubini inaweza kuonyesha alama ya ugonjwa huu, ila kwa sharti moja: damu itandazwe kuwa utando mwembamba. Tone nene la malaria hupasua chembe nyekundu, na ni umbo la chembe hizo tunalolitafuta. Katika abetalipoproteinemia chembe nyingi huwa na miiba miiba pembeni. Huitwa akanthosaiti, na zinaweza kuzidi nusu ya chembe zote.

Kipimo cha pili ni kolesteroli na trigliseridi, mtoto akiwa hajala. Tumezoea kusikia habari za kolesteroli iliyopanda. Hapa ni kinyume: mara nyingi kolesteroli yote iko chini ya miligramu 50 kwa desilita, na trigliseridi karibu hazipo. Omba baba na mama wapimwe siku hiyo hiyo. Wazazi wakiwa na viwango vya kawaida, dalili zinaelekea kwenye abetalipoproteinemia. Wakiwa na viwango vya chini wote wawili, huenda ni ndugu yake, hipobetalipoproteinemia. Kutoka Nyarusange ya Gitega utaanzia hospitali ya Gitega, kisha pengine Bujumbura, kwenye hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge. Familia za Muyinga zilizo karibu na mpaka wa Kobero zinaweza kuona wepesi zaidi kuvuka kwenda Tanzania, na upande huo hospitali mojawapo ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Tangu 2006 serikali ya Burundi imefuta malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka mitano; uliza mapema ni vipimo gani vimo na vipi utalipia. Kipimo cha jeni huthibitisha tu. Matibabu yasikisubiri.

Jikoni

Hapa mzazi wa Nyarusange ana faida ambayo wengi hawaijui. Mzazi wa Ulaya huanza kwa kuondoa siagi, jibini, soseji na chokoleti, na karibu kila kitu kilichomo kwenye friji yake. Chakula cha kilimani kwetu tayari kimejengwa juu ya vitu visivyo na mafuta. Muhogo, viazi vitamu, viazi mviringo na ndizi za kupika vyote vina chini ya gramu moja ya mafuta kwa gramu 100. Maharage makavu hayafiki gramu 2, na ndiyo nyama yetu. Adui ni wachache na wanajulikana kwa majina: mawese yanayopanda kutoka Rumonge, karanga, parachichi, maziwa yasiyotolewa mafuta, ngozi ya kuku, na kila kinachokaangwa.

Hesabu ni hii. Wataalamu wengi hulenga mafuta yatoe asilimia 10 hadi 20 tu ya nishati ya mtoto. Mtoto wa miaka miwili anayehitaji kalori 1,000 hivi kwa siku atakuwa na gramu 11 hadi 22 za mafuta, zote kwa pamoja, na wengine mwanzoni hawavumilii hata hizo. Kijiko kimoja cha mezani cha mawese ni gramu 14. Karanga ni mafuta kwa karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo kiganja kimoja humaliza posho ya siku. Parachichi, ambalo huanguka bure kwenye miti yetu na tunalisifu kwa watoto wengine wote, lina gramu 15 kwa gramu 100. Mwondolee.

Usimpikie chungu chake peke yake. Mama atachoka, na mtoto atajiona mgeni kwake. Geuza mpangilio wa kupika. Maharage ya nyumba nzima yachemshwe mpaka yaive kabisa pamoja na kitunguu, nyanya, chumvi na lenga-lenga (mchicha). Mtoto achotewe sahani yake hapo. Kisha mafuta yakaangwe na kitunguu kwenye sufuria ndogo na kumiminiwa wengine. Sombe ni vivyo hivyo: itwangwe, ichemshwe muda mrefu kama kawaida ili sumu ya muhogo iishe, fungu lake liondolewe, halafu karanga na mawese vitiwe. Ladha yake ijengwe kwa nyanya chungu, kitunguu, pilipili hoho, ndimu. Mboga zisizotiwa mafuta huchosha ulimi zikiwa na chumvi peke yake.

Ugali wa muhogo unamfaa kuliko ule wa mahindi yasiyokobolewa, ambao una mafuta takriban gramu 4 kwa gramu 100 za unga. Wali unafaa. Unga wa uji wa mchanganyiko wenye soya, kama sosoma, tunaouamini sana kwa kunenepesha, haumfai kwa wingi, kwa sababu soya ina mafuta yapatayo asilimia 20. Nyama iwe ya kuku bila ngozi au ya mbuzi isiyo na mafuta, ichemshwe. Samaki kama tilapia apikwe kwa mchuzi wa nyanya. Ndagala wakavu waoshwe kwa maji moto, watiwe wachache kwenye mboga, wasikaangwe. Yai apewe ute mweupe, na kiini ale mwenzake.

Maziwa yachemshwe, yaachwe usiku kwenye chombo kipana, na asubuhi malai yote yaondolewe juu. Baridi ya nyanda za juu inasaidia. Hayatakuwa makavu kabisa, lakini yatakuwa yamepungua sana. Yale yanayobaki kibuyuni baada ya kusukwa na kutolewa siagi ni mazuri zaidi, mradi yalichemshwa kabla ya kugandishwa.

Sasa tatizo lililo gumu kweli. Chakula kisicho na mafuta kina ujazo mkubwa na nishati ndogo, na tumbo la mtoto ni dogo. Akila mara mbili kwa siku kama watu wazima, atashiba na bado atakonda. Ale mara tano au sita. Asubuhi uji, saa nne ndizi mbivu, mchana maharage na muhogo, alasiri kiazi kitamu, jioni chakula cha familia, na kabla ya kulala uji tena. Asali na sukari humwongezea nguvu bila mafuta. Kwenye sherehe mpe wali mkavu na soda, asitamani sambusa za wenzake.

Uji wake uimarishwe kwa kimea, na hapa ufundi wa kina mama wanaopika pombe ya mtama una kazi nyingine. Chukua ulezi, uloweke usiku, uuoteshe kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu, uuanike, upukute vichipukizi, usage. Pika uji mzito mno, mzito wa kusimamisha kijiko. Uache upoe kidogo hadi uwe moto wa wastani, koroga kijiko kimoja cha unga wa kimea, na ndani ya dakika chache utauona ukilainika na kuwa wa kunyweka. Urudishe motoni uchemke. Umempa mtoto unga mara mbili katika kikombe kile kile, bila tone la mafuta.

Hata hivyo asikose mafuta kabisa, kwa sababu kuna aina chache ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Tumbo likishatulia, na daktari akikubali, apate mpaka kijiko kimoja cha chai kwa siku cha mafuta ya alizeti au ya soya, kikipimwa na kutiwa kwenye chakula kilichokwisha kupikwa. Watu watakushauri mafuta ya nazi au mafuta maalumu ya mnyororo wa kati. Ya nazi si badala yake, na hayo maalumu yamehusishwa na makovu ya ini kwa wagonjwa wa aina hii. Usiyatumie bila daktari anayefuatilia ini.

Vitamini, ambazo ndizo zinazoamua

Baada ya wiki chache za chakula hiki kuhara hukoma, mtoto huanza kunenepa mashavu, na nyumba nzima hushukuru. Huu ndio wakati ninaouogopa. Chakula kimetibu tumbo peke yake. Neva na macho yanaendelea kuharibika kimya kimya kwa kukosa vitamini E na A, na mzazi haoni kitu. Asiyepewa vitamini hupoteza mwitiko wa misuli inapogongwa akiwa bado mtoto, kisha hutembea akiyumba, kisha haoni usiku. Wagonjwa wengi wa zamani walikuwa hawatembei tena wakifika miaka ya thelathini. Miaka ya 1970 David Muller na June Lloyd huko London walionyesha kwamba vitamini E kwa dozi kubwa sana, ikianza mapema, huzuia sehemu kubwa ya madhara hayo. Kama fedha na nguvu zako zina kikomo, zielekeze hapa.

Dozi zinazopendekezwa ni za kushangaza. Vitamini E hutolewa yuniti 100 hadi 300 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anahitaji yuniti 1,000 hadi 3,000, yaani vidonge laini vitatu hadi saba vya yuniti 400, kila siku, maisha yote. Mfamasia atadhani daktari amekosea, kwa maana vidonge hivyo anawauzia watu wa kujipaka usoni. Mwombe daktari aandike jina la ugonjwa na dozi kwenye karatasi yenye muhuri, na uibebe daima. Kwa mtoto mdogo toboa kidonge, kamulia kwenye uji. Kiwango cha vitamini E kwenye damu hakitafika cha kawaida hata akimeza zote, kwa hiyo kipimo kikitoka chini usiongeze dozi mwenyewe.

Vitamini K hupangwa na daktari kwa wiki, hasa kwa kuwa vitamini E nyingi bila K huongeza hatari ya kuvuja damu. D nayo hupimwa na kuongezwa. Lenga-lenga zina K nyingi, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina karotini. Ale vyote viwili, lakini usivihesabu kuwa dawa, kwa sababu utumbo wake hautoi humo kile unachotoa utumbo wa ndugu yake.

Vitamini A ina mtego wake hapa kwetu. Kwenye kampeni za afya ya mama na mtoto, watoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa yuniti 100,000 kwa mara moja, na wa mwaka mmoja hadi miaka mitano yuniti 200,000. Mtoto wako akiwa tayari anameza A kila siku kwa dozi aliyopangiwa na daktari kulingana na kilo zake, mwonyeshe mhudumu wa afya ile karatasi yenye muhuri kabla hajafungua kidonge, na daktari aseme kama apewe. A ikizidi huumiza ini.

Kila miezi 6 hadi 12 arudi hospitali: uzito na urefu, kugonga magoti kuona kama miguu inaitika, macho, ini, muda wa damu kuganda. Nyumbani mtazame jioni giza linapoingia. Akianza kujikwaa njiani alikopita mchana bila shida, au fizi zikitoka damu, usingoje tarehe ya kliniki.

Watu wengine wanaomlisha

Shuleni, hasa penye kantini, mwalimu na mpishi waambiwe wazi: maharage na wali achotewe kabla ya mafuta. Shangazi na majirani wataona sahani isiyong'aa na kudhani mtoto anaonewa; kwetu mtu humwonyesha mtoto upendo kwa kumwongezea mafuta. Waite siku moja, waeleze wote kwa pamoja, mtoto mwenyewe akisikia. Akifika miaka saba au minane anaweza kusema mwenyewe, "Mimi mafuta yananiumiza," na hiyo itamlinda kuliko macho yako.

Msichana akikua na kutaka kuzaa, amwone daktari kabla ya kushika mimba. Vitamini A nyingi huweza kumlemaza mtoto tumboni, na pungufu nayo ina madhara, kwa hiyo dozi yake hupunguzwa na kupimwa upya badala ya kuachwa.

Na wewe mama, ukipata mimba nyingine, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi ugonjwa huu, haidhuru waliotangulia walikuwaje. Mweleze mkunga mapema. Mtoto apimwe kolesteroli na utando mwembamba wa damu katika wiki za kwanza, kabla hajaanza kuhara, na ikithibitika aanzishiwe vitamini E na K wakati huo huo. Ndugu zake wakubwa wanaoonekana wazima wapimwe pia, hata yule ambaye tatizo lake ni kukataa parachichi tu.